Eliaichi Uronu na Vihamba Vilivyogeuka Vyekundu

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mimi ni Priska. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye mgomba, isogelee. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Machame ya juu. Jina lake ni Eliaichi Uronu. Narudia, Eliaichi Uronu. Kijijini wengi walimwita Mama Goodness, kwa jina la binti yake.

Mama Goodness alifariki Jumanne, tarehe kumi ya mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne kasoro robo asubuhi. Aliangukiwa na mti. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mti huo ulikuwa unakatwa katika kihamba alichozaliwa, shamba la ukoo linalozunguka nyumba ya baba yake, na mmoja wa walioshika kamba ya kuuvuta alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Najua baadhi yenu mlishasikia habari hii. Mlisikia kwamba ni ajali, mti umeanguka, mtu amekufa, basi. Hata mimi niliandika hivyo kwenye karatasi yangu ya kwanza. Nimeichana. Nimepanda Machame mara tatu tangu mazishi, nimekaa na watu wake, na ninachowaambia leo ni kwamba mti ule haukuanza kuanguka Jumanne ile. Ulianza kuanguka miezi mingi nyuma, kwenye meza za watu ambao hawajawahi kukanyaga Machame.

Twende polepole, ili tusiachane njiani.

Eliaichi alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa cha kijijini kwake. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani. Unaleta kahawa yako kavu, anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje kutoka chini kabisa, anazinusa. Halafu anapima. Mume wake, Mzee Ebenezeri, aliniambia, "Huyu mwanamke hakuwahi kupima gunia bila kwanza kumwuliza mwenyewe habari za ng'ombe wake. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu hiyo. Watu walilalamika, lakini siku asipokuwepo walirudi na magunia yao nyumbani."

Mwaka juzi, kampuni moja ya mjini Moshi inayonunua kahawa ya chama ikaleta utaratibu mpya. Wanunuzi wa Ulaya wanataka kujua kila gunia limetoka shamba lipi. Wanataka pia kuhakikishiwa kwamba hakuna msitu uliokatwa kwa ajili ya kahawa hiyo tangu mwisho wa mwaka elfu mbili na ishirini. Kwa hiyo kila kihamba kiingizwe kwenye ramani ya simu. Kila mkulima awe na namba yake. Gunia likifika kwenye mizani, karani anaandika namba, simu inakubali au inakataa.

Kazi ya kupima vihamba akapewa Eliaichi. Akapewa simu kubwa yenye kava la mpira mweusi. Goodness, binti yake anayeishi Rau, alipanda wikiendi mbili kumfundisha.

Wasikilizaji wapendwa, Eliaichi alipima vihamba mia sita na kumi na viwili. Kwa miguu. Nasema tena, vihamba mia sita na kumi na viwili, kwa muda wa miezi kumi na minne. Alivaa buti za mpira. Anafika kwenye kona ya shamba, anabonyeza, anauzunguka mpaka wote wa shamba, anabonyeza kila kona. Chini ya miti mikubwa ile alama ya simu ilikuwa inarukaruka. Mara iko shambani, mara imehamia mtoni. Basi anasimama kimya, simu kifuani kama kitabu cha nyimbo, anasubiri itulie. Mvua ikinyesha, anasubiri chini ya mgomba.

Na aliifurahia kazi hiyo, tusiseme uongo. Mzee Ebenezeri anasema alirudi nyumbani jioni moja akamwambia, "Baba Goodness, sasa mtu akinywa kikombe huko kwao atajua jina lako." Mzee alicheka. Akamwuliza, "Na akijua jina langu atanifanya nini?"

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, majibu yakaanza kushuka kwenye simu. Kihamba kilichokubaliwa kilikuwa na rangi ya kijani. Kilichokataliwa kilikuwa chekundu, na chini yake maneno mawili: msitu, hairuhusiwi.

Wa kwanza kuwa mwekundu alikuwa Bibi Theopista. Bibi huyu ana miaka themanini na mmoja. Aliolewa kwenye kihamba hicho akiwa binti, na miti iliyomo ameipanda yeye na marehemu mumewe. Mringaringa, mgrivea, mparachichi. Chini yake migomba, na chini ya migomba mibuni. Ndivyo kahawa ya Machame inavyolimwa, kivulini. Wewe na mimi tunajua. Lakini ukipiga picha kutoka angani, unaona nini? Unaona majani ya miti. Kahawa iko chini, haionekani. Picha ikasema hapa pana msitu.

Eliaichi alikwenda mwenyewe kumwambia. Alisimama getini akapiga hodi, akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso uko hivyo?"

Akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani aliyesema huu ni msitu?"

"Picha, bibi. Inapigwa kutoka juu."

Bibi akatazama juu, kwenye matawi. Akasema, "Huyo aliyeko juu, mwambie ashuke. Nitamkokea moto, nimpe maziwa, halafu nimwonyeshe kahawa yangu shina kwa shina."

Eliaichi alisimulia maneno hayo kwa watu wengi. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, vihamba vyekundu vilifika mia moja arobaini na vitatu.

Na kimojawapo kilikuwa cha Isack.

Isack ndiye mdogo wake. Ni kitindamimba, na kwa desturi yetu ya Kichagga ndiye aliyerithi nyumba na kihamba cha baba yao. Hapo ndipo Eliaichi alipozaliwa. Siku Isack alipoleta kahawa yake kwenye mizani, kulikuwa na watu kama ishirini kwenye foleni. Eliaichi aliingiza namba. Simu ikakataa. Akaingiza tena. Ikakataa.

Isack akamwambia, "Dada, ni mimi."

Eliaichi akamjibu, "Najua ni wewe. Simu ndiyo haikujui."

Isack aliniambia kwamba maneno yale yalimchoma kuliko kukataliwa kwenyewe. Alibeba magunia yake akayarudisha kwenye mkokoteni mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakuongea na dada yake. Magunia aliyapanga sebuleni, na wageni walikaa juu yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifikie jambo ambalo mpaka leo hakuna anayekubali kuwa alilianzisha. Mwezi wa kwanza, neno likapita. Likapita dukani, likapita kwenye pombe ya mbege, likapita mlangoni mwa kanisa. Neno lilisema hivi: ukikata miti ya kivuli, picha itaona kahawa, na kihamba chako kitageuka kijani. Niliuliza watu wanane nani aliwaambia. Kila mmoja alimtaja mwenzake. Wa nane alimtaja wa kwanza.

Ukaanza kusikika msumeno wa mota, ule tunaouita chenso. Wiki ya kwanza ulikuwa mmoja. Wiki ya pili ilikuwa minne. Mzee Ebenezeri anasema ng'ombe wake walikuwa wanaacha kula kwa sababu ya mlio. Miringaringa iliyopandwa na mababu ililazwa chini ndani ya dakika kumi. Jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia, na majani ya mibuni yakaanza kuungua pembeni.

Eliaichi hakupenda. Lakini hakuwa na la kuwaambia, maana hata yeye hakujua kama ni kweli au si kweli. Kwa hiyo tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi, akateremka Moshi mjini, kwenye ofisi ya ile kampuni. Akakutana na kijana anayeshughulika na ramani, jina lake Daniel. Nimeongea na Daniel. Alikubali nimtaje jina lake, si jina la kampuni.

Daniel alimsalimu shikamoo, akamvutia kiti, akamfungulia kompyuta. Akamwonyesha picha mbili. Moja ya mwisho wa mwaka elfu mbili na ishirini. Nyingine ya mwezi uliopita. Kihamba kile kile, miti ile ile.

"Mama, mfumo unalinganisha hizi mbili," akamwambia. "Mfumo umeona miti, ukadhani ni msitu. Ndiyo maana umeweka nyekundu. Ni alama ya kusubiri. Ukileta picha za chini zinazoonyesha kahawa, tunasahihisha."

Eliaichi akauliza, "Na mtu akiikata hiyo miti?"

Daniel anasema alizitazama tena zile picha mbili kabla ya kujibu. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Akikata," akasema, "picha ya zamani itaonyesha miti na picha mpya itaonyesha hakuna. Hapo mfumo utasema amekata msitu. Hatutaweza kumsafisha tena, mama. Huyo ameondoka moja kwa moja."

Eliaichi alisimama. Daniel anakumbuka kwamba hakuaga. Aliuliza tu, "Mbona hamkutuambia?" Daniel akamjibu ukweli, kwamba maelezo yalikuwepo, kurasa arobaini, kwa Kiingereza, na yalitumwa kwenye barua pepe ya chama. Chama kile hakikuwa na mtu anayefungua barua pepe.

Mwisho wa kupeleka picha ulikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tatu. Wiki sita.

Sikilizeni hesabu hii, si ngumu. Vihamba vyekundu mia moja arobaini na vitatu. Ishirini na viwili vilikuwa vimeshakatwa. Vilibaki mia moja ishirini na kimoja. Eliaichi alipaswa kuingia tena kila kimoja, apige picha mibuni chini ya miti, na mwenye shamba asimame ndani ya picha.

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo ya ibada, mchungaji akampa nafasi. Walionisimulia wanasema alizungumza kwa sauti ndogo. Alisema, "Msikate. Aliyekata, asikate zaidi. Asiyekata, anisubiri. Nakuja kwenu kabla ya tarehe kumi na tatu. Msikate." Wale ishirini na wawili walikuwa wamekaa humo humo kanisani. Mmoja wao alitoka nje kabla ibada haijaisha.

Isack hakuwepo ibadani.

Mimi nilimpata Eliaichi mwezi wa pili, njiani, karibu na mfereji. Nilikuwa nimekwenda kwa kipindi kingine kabisa, cha maziwa. Alikuwa amekonda. Buti moja ilikuwa imepasuka, ameifunga kwa kamba ya katani. Nikamwambia, mama, pumzika kidogo. Akanitazama. Akasema, "Priska, mipaka hii niliitembea mimi. Mkono uliobonyeza ni huu. Nikipumzika nitasikia chenso." Sikumrekodi. Nilikuwa na kinasa sauti mfukoni na sikukitoa. Hilo ni langu, nitakaa nalo.

Alikwenda kwa Isack mara mbili. Mara ya kwanza, mlango ulifungwa na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mara ya pili, mke wa Isack alitoka akamwambia kwamba mumewe amelala. Eliaichi akamtumia ujumbe kwenye simu. Isack amenionyesha. Unasema: "Mdogo wangu, usikate mti wa baba. Nitakueleza. Nifungulie tu dakika tano." Aliuona umeingia. Hakuufungua. Alidhani ni wa kumwomba radhi, na anasema alitaka radhi hiyo imsubiri kidogo.

Kufikia Jumatatu jioni, tarehe tisa, Eliaichi alikuwa amemaliza vihamba mia moja kumi na vinne. Vilibaki saba. Siku nne. Mzee Ebenezeri anasema mkewe alikula ndizi bakuli zima usiku ule, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa wiki kadhaa, na akasema kesho anamaliza upande wa chini, keshokutwa anakwenda kwa Isack, na safari hii atakaa kibarazani mpaka atoke.

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Eliaichi alikuwa kwa Bibi Theopista, amepita kumjulia hali, amepewa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye sahani. Bibi anasema walikuwa wanaongea, kisha mwenzake akaacha kutafuna. Chenso ilikuwa inalia upande wa kwa Isack.

"Akaweka sahani chini," bibi aliniambia. "Hakuniaga. Nilimwona mgongo tu, anakimbia. Mtu mzima, na buti zile."

Kutoka kwa Bibi Theopista hadi kwa Isack ni mwendo wa dakika saba ukikimbia. Njia inapanda kando ya mfereji, inaingia shambani kwa nyuma. Mti uliokuwa unakatwa ni mringaringa wa baba yao, mkubwa kuliko yote kijijini. Fundi wa chenso alikuwa upande wa nyumba. Isack na mtu mwingine walikuwa wameshika kamba, wanauvuta uangukie upande wa mfereji, usiangukie nyumba. Hakuna aliyeweka mtu wa kulinda ile njia ya nyuma. Nani angepita huko asubuhi ya ukungu?

Nilimwuliza Isack kama anataka kusema. Nitasoma alivyosema, sitaongeza neno.

"Nilisikia kama sauti. Mti ukikaribia kuanguka unalia, kila mtu anajua. Nikadhani ni mti. Halafu nikasikia inaita jina langu, lile la utotoni, ambalo watu wawili tu wanalijua, na mmoja ni mama yetu, na mama alishakufa. Nikaachia kamba. Lakini mti ulikuwa umeshaamua."

Eliaichi alipatikana karibu na mfereji. Simu ilikuwa mkononi, imefunguliwa upande wa kamera. Watu wanasema alitaka kupiga picha mti ungali umesimama. Inawezekana. Mimi nadhani aliifungua kwa mazoea tu, kama wewe unavyoshika ufunguo ukikaribia mlango.

Walimzika Ijumaa, tarehe kumi na tatu, kwenye kihamba cha mumewe, kati ya migomba. Ilikuwa siku ile ile ya mwisho wa kupeleka picha. Daniel alipanda kutoka Moshi Jumatano baada ya kusikia. Hakuomba ruhusa kazini. Alichukua simu ya marehemu mikononi mwa Mzee Ebenezeri, akaingia vihamba sita vilivyobaki, akapiga picha kwa siku mbili, akatuma saa saba mchana Ijumaa, wakati mchungaji anasoma ibada ya mazishi. Cha saba kilikuwa cha Isack. Hakukuwa na cha kupiga picha.

Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Vihamba mia moja na ishirini vimegeuka kijani. Bibi Theopista ni kijani. Vihamba ishirini na vitatu ni vyekundu, na havitabadilika.

Isack alikwenda kwa shemeji yake na jani la isale mkononi, kama ilivyo desturi yetu mtu anapoomba msamaha mzito. Alisimama uani tangu asubuhi. Mzee Ebenezeri alitoka, akalitazama lile jani, akarudi ndani. Alitoka tena alasiri. Akalipokea. Nilimwuliza kwa nini alipokea. Akasema, "Ningemwachia nani alibebe?"

Familia inaomba niwashukuru waliofika. Nami, kwa niaba ya wenzangu hapa studioni, natoa pole kwa Mzee Ebenezeri Uronu. Pole kwa Goodness, kule Rau. Pole kwa wanachama wote waliokuwa wanasimama kwenye foleni ya mizani yake. Baadhi yenu mmenitumia ujumbe tangu juzi mkinitaka nisitaje jina moja kwenye pole hizi. Nimewasoma. Pole kwa Isack. Na yeye amefiwa.

Sasa naomba tufikiri pamoja, mimi na wewe, kabla hujarudi kwenye shughuli zako.

Mvua za masika zimeshika. Nilipopanda wiki iliyopita, maji ya mfereji yalikuwa mekundu kwa udongo. Vihamba ishirini na vitatu viko wazi kwenye mteremko, na chini yake kuna nyumba. Wazee wameanza kulala na viatu karibu na kitanda, ili wakimbie udongo ukiporomoka. Mringaringa bado umelala palepale ulipoangukia. Isack amekataa upasuliwe, na fundi amekataa kurudi kuuchukua.

Na upande wa pili wa korongo, kijiji cha jirani, upimaji unaanza Jumatatu. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi. Nimelisoma. Ni ukurasa mmoja, halisemi chochote kuhusu miti. Niliposhuka kwenye gari nikasikia chenso inawashwa upande huo. Pengine mtu alikuwa anapasua kuni. Sikuenda kuuliza, nilikuwa nimechelewa, na nimejuta njia nzima mpaka Moshi.

Kwa hiyo nakuambia wewe wa huko, unayenisikia sasa hivi. Simu ikikwambia shamba lako ni msitu, usishike shoka. Mtafute karani. Mtafute mtu wa ramani, mwambie apande. Mketishe mpaka akueleze kwa Kiswahili. Usimridhishe aliyeko juu kwa kukata, kwa sababu anayo picha yako ya zamani. Ilipigwa zaidi ya miaka mitano iliyopita, mchana kweupe, ukiwa shambani, na hukuinua hata kichwa.